Nondo Kumi na Mbili na Mpini wa Jembe

Nondo zilikuwa kumi na mbili. Kila moja ilikuwa na urefu wa mkono wangu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Nilizigongomea mwenyewe kwenye ukingo wa kijito, zikilala kama misumari ukutani, mpaka kila moja ikabakiza nje sentimita tano. Maji yakila ukingo, udongo unarudi nyuma, chuma kinabaki pale pale. Tano inakuwa sita, sita inakuwa nane. Unapima kwa rula, unaandika, unarudi nyumbani.

Kwa sababu ya kazi hiyo, watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, waliniita Dokta wa Matope. Wasichana waliopanga ndoo bombani waliongeza la kwao: "Wenzake wanatafuta bwana, yeye anatafuta udongo."

Nilikuwa nimesomea kilimo na udongo Bukavu, kwetu Kongo. Nilibakiza mtihani mmoja, vita vikafika kabla yake. Nilivuka mipaka na vyeti vyangu ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na tabia ya kuuliza ambayo haikumfurahisha mtu. Nilimuuliza mchungaji kwa nini Mungu aliyetuvusha ziwa hakuwavusha majirani zetu. Niliwauliza waandishi wa orodha kwa nini familia ya watu sita imeandikwa watano. Redio ikisema Uvira imetulia, niliuliza ametulia nani. Shangazi yangu, fundi wa nguo aliyekuwa amejipenyeza kwenye soko la Area 36 mjini Lilongwe, aliwahi kuniambia kwamba siku nikifa nitamuuliza mchimba kaburi kipimo chake.

Kwa hiyo bwana mmoja wa ofisi ya maji alipotoka Lilongwe akitafuta mtu anayejua udongo na anayeweza kuongea na wakulima wetu, kambi nzima ilifurahi kunitoa. Angalau nikaulize maji.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Chini ya kambi kilipita kijito ambacho wakati wa kiangazi ungeweza kukiruka bila kukunja nguo. Kando yake palikuwa na ardhi yenye unyevu, ambayo wenyeji huilima bustani na kuiita dimba. Mfumu, yaani mkuu wa kijiji cha jirani, alikuwa ametugawia ukanda wa ukingo huo, bustani kumi na mbili kwa familia kumi na mbili. Alitugawia bila karatasi, kwa neno lake tu. Lakini mbele kidogo, kijito kiliingia kwenye bwawa la kijiji, ambamo ng'ombe walikunywa, na bwawa lilikuwa linajaa tope. Mwaka wa kwanza ng'ombe walisimama majini hadi tumboni. Sasa walisimama hadi magotini, na ndama mmoja alinasa akafa. Watu wa kijiji walisema ni majembe ya wakimbizi. Mfumu hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kabla ya kupanda tena anataka kujua, na kama tope linatoka kwenye bustani zetu, bustani zitafungwa zote.

Bwana wa maji alimwomba asubiri msimu mmoja wa mvua, bustani zikiendelea kulimwa, tupime. Nondo moja kwa kila bustani. Pia chupa za maji, moja juu ya bustani na moja chini yake, ili tuone maji yanaingia na tope kiasi gani na yanatoka na kiasi gani.

Nilifanya mkutano na wakulima, nikawaonyesha vyuma. Nilijua nondo ni kitu cha thamani kambini. Nondo inafaa kuwa mshikaki, komeo, mguu wa kiti. Nikawaambia kwa ukali kuliko ilivyohitajika:

"Musivitoe. Mtu asitoe hata kimoja."

"Hatutatoa," walijibu wote, na hawakutoa.

Bustani ya saba ilikuwa kwenye kona, pale kijito kinapogeuka. Ilikuwa ya mama mmoja wa Fizi, huko huko Kongo, mwenye mikono mipana na wajukuu wanne aliobaki nao peke yake. Tulipewa unga wa mahindi na maharage, na mengine yote waliyokula wale watoto yalitoka hapo: lengalenga, yaani mchicha, matembele, vitunguu. Mimi mwenyewe nilikula lengalenga yake mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kila Jumatano ya pili nilipofika na rula yangu, alisimama wima na kunitazama nikichutama kwenye maji.

"Iko muzima?" aliuliza.

"Nini?"

"Chuma yako."

"Nzima, Mama."

"Njo vile," alisema, yaani ndivyo. "Kazi ya mutoto wa bantu inapaswa kukaa muzuri."

Mtoto wa watu, aliniita; nilidhani ni adabu tu.

Mvua za kwanza zikaja, za pili zikaja. Daftari langu likajaa tano. Tano, tano, tano na milimita moja, tano, nne na milimita tisa. Nondo ya saba, kwenye kona ambako kitabu chochote kingekuambia maji yatakula zaidi, ilisema tano tangu mwanzo hadi mwisho. Nilifurahi. Ni lazima niseme hivyo waziwazi: mimi niliyemuuliza Mungu na redio, sikuiuliza hata mara moja ile tano. Ilikuwa namba niliyoitaka. Ilisema kwamba majembe yetu hayana hatia, kwamba wale wanaotutupia kila kosa wamekosea, na kwamba yule mama atapanda tena.

Niliomba kibali cha kutoka kambini, nikapanda nyuma ya gari la mizigo hadi Lilongwe. Bwana wa maji alikuwa na chumba kidogo chenye meza mbili, moja ya karatasi na nyingine ya chupa zangu. Tuliongea Kiingereza, chake cha ofisini, changu cha kuokoteza. Alisoma daftari bila haraka. Kisha akaniita kwenye meza ya chupa.

Maji yalikuwa yametulia. Chupa ya juu ya bustani ilikuwa na utando wa mashapo chini, mwembamba kama ukurasa. Chupa ya chini ya bustani ilikuwa na tope la unene wa kidole.

"Nondo zinasema udongo haujaondoka," alisema. "Chupa zinasema umeondoka. Nani anadanganya?"

"Labda chupa zilichafuka."

"Zote?"

Niliinua moja, nikaigeuza kwenye mwanga, nikairudisha.

"Binti, mimi nimepima vijito tangu nikiwa kijana. Kijito hakina mkono thabiti namna hii." Aligonga safu ya tano zangu kwa kalamu. "Nenda ukaangalie mvua ikinyesha. Si Jumatano. Mvua ikinyesha."

Nilitoka pale nimekasirika. Niliamini ameshatuhukumu, kwamba mkimbizi akileta habari njema ni lazima awe ameiiba mahali. Nilirudi Dzaleka nikingoja mvua kwa hamu ya mtu anayengoja kuthibitisha ubaya wa mwenzake.

Ilinyesha Jumamosi, asubuhi nzima. Ilipoanza kupungua nilifunga kanga kichwani nikashuka kijitoni, viatu mkononi. Maji yalikuwa mekundu, yakipita kwa kishindo ambacho sikuwahi kukisikia siku za Jumatano. Kabla sijafika kwenye kona nilisikia sauti nyingine. Ko. Ko. Ko.

Yule mama alikuwa amesimama ndani ya maji hadi kwenye mapaja, nguo ameifunga kiunoni, jiwe mkononi. Alikuwa anagonga nondo yangu.

Alipiga, akaacha, akaweka vidole vitatu kando ya kichwa cha chuma, akapima, akapiga tena kidogo. Vidole vitatu vyake vilikuwa sentimita tano kamili. Kisha akaosha jiwe.

"Mama! Unafanya nini?"

Hakushtuka. Aligeuka akatabasamu kama mtu aliyekutwa akifagia uwanja wa jirani mgonjwa.

"Ah, umekuja leo? Usishuke, kunateleza. Nimeshamaliza zote. Ya kwa ule Murundi, jirani yangu, ilikuwa imetoka mingi sana, aibu."

"Zote? Zote kumi na mbili?"

"Zote. Kila mvua."

Nilikaa kwenye tope. Alipanda ukingoni akaketi karibu yangu, akanieleza polepole, kwa upole wa kumfundisha mtoto jambo ambalo alipaswa kulijua kwao.

Kwao Fizi, mashamba yamelala kwenye miteremko juu ya mito. Kila nyumba hupigilia vigingi kwenye ukingo wake, vya mti unaochipua, ili udongo ukae. Mvua ikiisha, kabla ya kupika, kabla ya chochote, watu hushuka na mawe kugonga vigingi vilivyolegea. Kigingi kinachotokeza ni aibu ya nyumba nzima. Wapita njia hukionyeshea kidole na kusema mwenyewe bado amelala.

"Sasa mi minaona we mutoto, umesoma, umeleta vigingi vya chuma, vya bei. Nikasema, aksanti Mungu, bantu ba ofisi banajua. Lakini mvua inakuja, vinatoka! Kila mara vinatoka! Nikasema, huyu mutoto hana mama huku. Akikuta kazi yake imelegea mbele ya bantu, atasikia haya. Njo nikapiga."

"Na hukuniambia?"

"Nani anamwambia mutoto wa bantu kazi yake imelegea?"

"Na kwa nini vidole vitatu? Kwa nini hukupiga yote hadi ndani?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ningepiga yote, we ungeiona wapi? Na ulisema musitoe. Nani ametoa?"

Nilicheka. Nikacheka mpaka yeye naye akacheka bila kujua sababu. Halafu nikamweleza sababu. Nondo hazishiki udongo. Zinautazama tu. Nilimweleza kuhusu bwawa, kuhusu daftari, kuhusu ile meza ya chupa. Niliona uso wake ukihesabu.

"Sasa nimekuharibia."

"Hujaharibu, Mama. Lakini sijui udongo uliondoka kiasi gani."

"Hiyo njo unatafuta?" Akanyoosha kidevu kuelekea bustanini. "Si ungeniuliza? Nilipanda mistari saba. Hesabu."

Nilihesabu. Ilikuwa mitano na nusu. Mstari wa sita ulikuwa umekatika katikati, vitunguu vya mwisho vikining'inia ukingoni kwa mizizi. Nilikuwa nimepita hapo kila Jumatano ya pili kwa msimu mzima nikiwa nimeinamia chuma.

"Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"We ulikuwa unauliza vyuma," alisema. "Mi hujaniuliza."

Kisha akaenda kuleta jembe lake. Siku ya kugawa bustani, mbele ya mfumu, hapakuwa na kamba wala futi. Walitumia mpini wa jembe hilo hilo, maana yeye ndiye aliyekuwa amekuja na jembe, na kila bustani ilipimwa kutoka kwenye jiwe la mpaka juu hadi ukingoni: mipini kumi na moja. Kila mkulima aliikumbuka hesabu hiyo, maana ndiyo ilikuwa hati yake. Tulipima upya siku tatu, mpini juu ya mpini, wakulima wakisimama pembeni na kubishana ikiwa mimi au yeye ndiye anayeuegemeza upande. Mrundi wa bustani ya nane alidai tuanze upya mara mbili. Tulianza upya mara mbili.

Bustani kumi zilikuwa karibu vile vile. Nyingine zilipoteza upana wa kiganja, nyingine hata hiyo hapana. Mbili tu, ya saba na ya nane, zote kwenye kona, zilikuwa zimepoteza mpini mzima na zaidi. Hapo zamani palikuwa na matete. Kambi ilipojaa, watu waliyakata kwa ua na kwa milango, mimi pia, na mlango wangu ulikuwa bado wa matete yale. Kona ilibaki uchi, mfumu akaigawa kama palipo wazi.

Kwa hiyo jibu nililokuwa nalo lilikuwa hivi: majembe ya wakimbizi hayakuwa na hatia, isipokuwa mahali pawili, na mahali pamoja kati ya hapo palikuwa pa yule mama.

Nilirudi Lilongwe nikiwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa safi, lenye tano zake. La pili lilikuwa na mipini na viganja. Nilipitia kwa shangazi Area 36, nikamsimulia huku akishona kola.

"Unampelekea gani?" aliuliza.

"Sijui."

"Hujui?" Alikata uzi kwa meno. "Mutoto, tumepita mipaka na karatasi za uongo ngapi? Mi jina langu kwenye karatasi ya Tanzania lilikuwa la mwanaume. Leo karatasi moja ya matope inakushinda?"

Nilimwambia kwamba askari wa mpakani hakuwa na chupa mezani. Chupa zitaendelea kujaa. Mwaka ujao ng'ombe watasimama hadi kwenye vifundo, na hapo hakuna atakayetaka kujua ni bustani ya ngapi. Watafunga zote kumi na mbili.

"Na yule mama?"

"Ndiyo sababu sijui."

Shangazi aliikunjua kola, akaiangalia kwenye mwanga. "Basi usimwache afungiwe peke yake," alisema, akaendelea kushona.

Nilimpa bwana wa maji daftari la pili, nikamweleza na la kwanza. Nilipofika kwenye vidole vitatu alivua miwani akafuta macho. Hakumcheka yule mama. Alisema kwamba katika kazi yake watu walishaiba nondo, ng'ombe walishazikanyaga, mafuriko yalishazichukua, lakini hajapata kuona watu wakizitunza.

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe, tukakutana na mfumu kwenye kona ile. Wakulima wote walikuwepo. Bwana wa maji alisema kwa Kichewa, mimi nikafuata kwa Kiswahili, na sehemu ngumu niliisema nikitazama maji: bustani kumi zibaki, mbili za kwenye kona zirudishiwe matete.

Kabla mfumu hajajibu, yule mama alitoka mbele. "Ya saba ni yangu," alisema. "Mi sitaficha. Udongo niliuona unaenda. Lakini batoto banne banakula hapa. Munieleze tu, batakula wapi?"

Nilitafsiri kwa Kiingereza, bwana wa maji akayafikisha kwa Kichewa. Mfumu alichora ardhini kwa fimbo. Alisema hana ardhi nyingine yenye maji ya kugawa. Nilijua ni kweli. Watu wake wenyewe walikuwa wanabanana.

Hapo maneno ya shangazi yakanijia. Nilisema kwamba matete ya kona tuliyakata sote, na mlango wangu ni wa matete hayo. Kama kosa ni letu sote, bustani kumi zinazobaki zina mistari saba saba. Kila moja inaweza kutoa mmoja kwa wenye kona.

Watu waliangalia miguu yao. Nani anapenda kutajiwa mlango wake hadharani?

"Dokta wa Matope," alisema mmoja nyuma, "we hauna mustari. Ni rahisi kutoa."

Alikuwa na haki. Lakini mzee wa bustani ya pili alikohoa akasema atatoa wa juu kabisa. Kisha mwingine. Mwisho walikuwa saba. Watatu walijifanya hawakusikia, na mmoja kati ya hao watatu ndiye aliyekuwa anaongoza sala kila Jumapili. Mrundi wa ya nane, ambaye alikuwa na mke, kaka wawili na vibarua vya shambani kijijini, alisema mistari hiyo yote iende kwa mama, yeye atahangaika kwingine. Alilisema akiwa amekasirika, na hakumsemesha mtu siku hiyo. Mfumu alisema, "Zikomo," akashukuru kila mmoja kwa jina lake, kisha akauliza nani ataanza kupanda matete.

Saba si kumi, na mistari saba iliyotapakaa kwenye kijito kizima si bustani. Msimu uliofuata nilimwona akitembea kutoka mstari hadi mstari na kopo lake la maji, watoto wanne nyuma yake, akisalimia kila mwenye bustani kana kwamba amealikwa. Alisema miguu yake sasa inajua kijito chote. Alisema pia kwamba lengalenga ya bustani ya pili ina uchungu, lakini tusimwambie mzee.

Kwenye kona alipanda matete na vigingi vya mti unaochipua, kwa mtindo wa kwao, na bwana wa maji aliandika habari za vigingi hivyo kwenye daftari lake. Kando yake niligongomea nondo mpya, nayo ikabakiza nje sentimita tano, kichwa nimekipaka rangi nyekundu.

"Nisikilize, Mama. Kigingi cha mti, gonga upendavyo. Chuma chekundu, usiguse."

"Hata kikitoka?"

"Hasa kikitoka."

"Bantu bakipita?"

"Wapite."

Alitikisa kichwa kwa huzuni juu ya elimu yangu.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha asubuhi moja, nami sikungoja Jumatano. Nilimkuta tayari yuko pale, amelowa, amesimama juu ya kona. Vigingi vyote vilikuwa vimekaa sawa. Nondo nyekundu ilikuwa imetokeza, rangi ya kichwa haina hata mkwaruzo. Nilishuka, nikaweka rula.

"Ngapi?" aliuliza.

"Tano na milimita nne."

"Aibu," alisema.

Nilipoinua kichwa niliona amekunja mikono nyuma ya mgongo kama mwanafunzi. Maji mekundu yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye jiwe alilolishika huko nyuma.